Supamaketi ya nje inataka mtindi wangu na italipa baada ya siku 90. Tuzungumze kabla sijasaini

#1 MamaMtindi (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei ya maziwa, hili ni jambo jingine.

Natengeneza mtindi hapa Moshi. Maziwa nanunua kwa akina mama 31 wa Kibosho na Uru, kila mmoja ana ng'ombe wake mmoja au wawili bandani, na majani wanayabeba kichwani kutoka tambarare. Wiki iliyopita alikuja wakala wa supamaketi moja ya nje inayotafuta wasambazaji wa Moshi na Arusha. Ni kijana mstaarabu. Alionja mtindi, akausifia, akaniachia mkataba wa kurasa 23. Wote uko kwa Kiingereza. Nimeusoma siku tatu na binti yangu, na haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Nitalipwa siku 90 baada ya ankara kuidhinishwa. Nitatoa ada ya kuingiza bidhaa rafuni, na kila wakifungua tawi jipya natoa tena. Mwisho wa mwaka wanakata asilimia 8 ya mauzo yote kama punguzo. Mtindi usiouzika unarudi kwangu kwa gharama yangu. Na niweke binti wa kupanga vikombe rafuni, mshahara wake nimlipe mimi.

Hizo siku 90 ndizo zilizoninyima usingizi. Mtindi wangu kwenye friji nzuri unakaa wiki mbili, ukizidi sana tatu. Mzigo wa leo utakuwa umeuzwa, umenywewa, kikombe kimetupwa, na mizigo mingine kumi na zaidi imepita kwenye rafu ileile kabla sijaona shilingi ya ule wa kwanza. Wanataka lita 200 kwa wiki, kwa shilingi 2,500 lita. Hiyo ni laki tano kwa wiki. Siku 90 ni kama wiki 13, kwa hiyo muda wote watakuwa wameshika milioni sita na nusu yangu bila riba. Mimi akina mama nawalipa kila tarehe 15 na tarehe 30, na hawawezi kusubiri zaidi ya hapo kwa sababu muuza pumba naye anataka hela yake.

Mali kauli tunaijua, tumekulia humo. Nampelekea Mangi, mwenye duka la mtaani pale Majengo, vikombe 30 asubuhi, kesho yake au keshokutwa ananilipa. Lakini namjua anapokaa, namjua mkewe, na akichelewa napita dukani tunaongea yanaisha. Tena kwenye mali kauli mwenye mali ndiye anayekubali kusubiri. Kwenye karatasi hii anayepanga siku ni mchukuaji, na akichelewa sina mlango wa kugonga, mhasibu wake yuko nchi nyingine.

Niseme kwa nini naogopa. Miaka kadhaa nyuma niliuzia duka moja kubwa la wageni. Silitaji, na halimo katika majina nitakayoyaandika hapa chini. Miezi miwili ya kwanza walilipa vizuri. Kisha visingizio vikaanza: mfumo unabadilishwa, anayesaini amesafiri, ankara yako haionekani. Siku moja wakanirudishia kreti tatu, vifuniko vimevimba. Mlinzi, Mungu ambariki, akaniambia pembeni kwamba friji zinazimwa usiku ili kubana umeme. Nilipouliza ofisini hakuna aliyenijibu, na hela ya kreti zile ikakatwa kwangu.

Walinishikia hela miezi minne. Nilikopa VICOBA nikawalipa akina mama nusu nusu. Mmoja wao, mjane wa Kibosho, mwezi wa saba alikuwa na mtoto anakwenda kidato cha tano. Akauza mtamba wake, uliokuwa umebakiza miezi mitatu tu kuzaa. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Akanikaribisha ndani, akanipa chai, hakuniuliza hela hata mara moja. Nilishuka mlima ule nikilia.

Lile duka halikumjua mama yule. Kwenye vitabu vyao mlikuwa na jina langu na tarakimu basi. Nadhani hata huyo mhasibu angemwona ng'ombe yule akifungwa kamba na kupandishwa kwenye gari la mnunuzi, angelipa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ninaposikia watu wanajadili maadili ya makampuni makubwa ya nje yanapoingia kwetu, wakataja rushwa, plastiki na nguo zinazoshonwa na watoto, nakubali yote ni mazito. Ila kwa sisi wasambazaji wadogo mtihani wa kwanza ni siku ya malipo, maana hapo kampuni inaweza kummaliza mtu bila kuvunja sheria hata moja.

Na wasituambie ndivyo biashara ya kisasa ilivyo. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2019 inayotaka bidhaa za chakula zinazoharibika haraka zilipwe ndani ya siku 30, nyingine 60. Uingereza wana msimamizi maalumu wa supamaketi tangu 2013, na Januari 2016 aliikuta Tesco imechelewesha malipo ya wasambazaji kwa kujua, ili hesabu zake zionekane nzuri. Huko kwao wameshaona kwamba ni kosa. Sasa kampuni inayoweza kulipa kwa siku 30 kule, ikifika huku siku zinakuwaje 90? Mtindi ni uleule na unaganda vilevile.

Jirani zetu Kenya wamefika mbali kuliko sisi. Supamaketi ya Carrefour ya kule inaendeshwa na Majid Al Futtaim wa Dubai. Kampuni ndogo ya maziwa, Orchards, iliyokuwa ikiwauzia yoghati, ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani kuhusu makato na masharti, na mwaka 2021 Baraza la Ushindani likasema Orchards ana haki. Desemba 2023 Mamlaka ileile ikaitoza Carrefour faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 za Kenya kwa kuwanyanyasa wasambazaji wawili, mmoja muuza asali na mwingine muuza mafuta ya kupikia, na ikaamriwa iwarudishie makato ya zaidi ya shilingi milioni 16. Yaliyolalamikiwa ni ada za kuingia matawi mapya, bidhaa za bure, makato yasiyojadiliwa na kulazimishwa kuweka wafanyakazi wako ndani ya duka lao. Rudini juu msome tena mkataba wangu.

Naombeni mawazo yenu, hasa wenye uzoefu. Wakala anarudi Alhamisi ya wiki ijayo.

Nawasilisha.

#2 Chalii wa Sakina

Mama shikamoo. Pole sana na yaliyokukuta.

Lakini naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Mimi nasambaza mayai na mboga kwenye hoteli za Arusha. Wenye hoteli ni Watanzania wenzetu, nawajua mpaka makwao, na wananilipa siku 60, wengine mpaka msimu wa wageni uishe. Mwaka wa korona kuna walionilipa baada ya mwaka mzima, na kuna ambao hadi leo kimya. Kwa nini mgeni ndiye tumpe mtihani wa maadili na mzawa tumwite ndugu yetu? Huyu wa nje angalau ameandika siku 90 kwenye karatasi. Wa kwetu anakwambia "njoo kesho".

Halafu hakuna aliyekulazimisha. Masharti yakikushinda, usisaini, uza kwa Mangi.

#3 MamaMtindi

Marahaba mwanangu. La kwanza nimekubali na limenigusa. Nimeandika juu ya mgeni kwa sababu ndiye aliyekuja na mkataba wiki hii. Mwenye hoteli aliyekula mayai yako bila kulipa amekosa vilevile, na kujuana naye kunamzidishia kosa.

La pili sikubaliani. Unasema sijalazimishwa. Mangi wote ninaowauzia wakijumlishwa wanachukua lita 120 kwa wiki. Mvua za masika zikianza majani yanakuwa mengi, akina mama wananiletea maziwa mara mbili, na mimi siwezi kumwambia mtu rudi nayo. Yule wakala anajua. Aliniuliza mapema kabisa mwezi gani maziwa yanazidi. Mtu anayejua siku utakayozidiwa halafu akakuletea karatasi siku hiyo, kusema "una hiari" ni neno jepesi sana.

#4 KeshiaWaZamani

Nimesoma mpaka mwisho. Niongeze upande wa wafanyakazi, maana mama amewasahau na sisi tuko humohumo ndani.

Nilikuwa keshia miaka mitatu kwenye supamaketi ya wageni, mji nisioutaja. Kilichokuwa kinatuumiza ni upungufu wa droo. Ukifunga hesabu ikapungua elfu 20, inakatwa kwenye mshahara bila kikao, bila kuonyeshwa kamera, hata kama saa ya chakula msimamizi alikaa kwenye mashine yako kwa namba yako ya siri. Kuna mwezi nilipokea chini ya nusu.

Baadaye ndiyo nikaambiwa na afisa kazi kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata fidia ya hasara kienyeji hivyo. Lazima mfanyakazi aelezwe kosa, apewe nafasi ya kujibu, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sheria hiyohiyo inasema saa 45 kwa wiki, na ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Sisi Desemba tulikuwa tunaingia saa mbili asubuhi tunatoka saa nne usiku na kupewa soda.

Meneja wetu alikuwa mgeni, mtu mpole kabisa. Aliniambia kwao keshia anakaa kwenye kiti. Nikamuuliza hapa mbona tunasimama? Akasema ameikuta hivyo. Jibu lile sijalisahau. Mtu amekuja na utaratibu mzuri mfukoni, ameukuta wetu mbaya, akauacha wake mfukoni kwa sababu wetu ni rahisi.

#5 Mzee wa Mbuyuni

Mama Mtindi, mimi nimekuwa sokoni Mbuyuni toka miaka ya themanini. Nisikilizeni kidogo.

Wageni wa maduka makubwa tumewaona wakija na wakiondoka. Shoprite wa Afrika Kusini alikuwa Arusha, mwaka 2014 akawauzia Nakumatt wa Kenya maduka yake ya Tanzania. Supamaketi ya Uchumi, naye wa Kenya, akafunga Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt naye kufika Januari 2018 alikuwa chini ya msimamizi wa mahakama kwao, na 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Kila anayeanguka, wasambazaji wanabaki na ankara mkononi. Benki inashika majengo, sisi tunashika karatasi. Kwa hiyo siku 90 zako, mama, uzihesabu pia kama siku 90 za kuombea mtu asifilisike, na vitabu vyake huvioni.

Hapo ndipo naona uzito wa maadili. Mwenye duka anajua miezi sita kabla kwamba anazama. Bado anaagiza mzigo. Anaagiza hata zaidi, ili rafu zijae, watu wasishtuke. Huyo anamkopa mjane wa Kibosho huku anajua hatalipa.

Kuhusu duka la Mangi, wengi wanalia kwamba supamaketi itamuua. Mwaka 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, rejareja na jumla zikiwamo, ila supamaketi ikaachwa nje ya katazo. Mimi simwogopei sana Mangi. Nani ataingia supamaketi akakopeshwa kwa daftari mpaka mwisho wa mwezi, au akapimiwa mafuta ya kula ya mia tano? Aliye hatarini ni huyo anayepeleka mzigo.

#6 UngaNaMaji

Niko Arusha, nafunga unga wa lishe na maji ya kunywa. Kuna kitu hakijasemwa.

Kama umesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ukipeleka mzigo unatoa risiti ya mashine ya EFD siku hiyo. Ritani, yaani taarifa ya kodi, inatakiwa mamlaka ya mapato, TRA, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata pamoja na ile asilimia 18. Duka halijakulipa hata senti, linalipa baada ya siku 90. Kwa hiyo unamlipia mteja kodi kwa hela ya mfukoni mwako mwezi mmoja hadi miwili kabla yeye hajakupa hela. Wakati huohuo yeye ankara yako anaitumia kudai marejesho ya kodi upande wake. Nimewahi kukopa benki ili nilipe VAT ya maji ambayo watu walishayanywa zamani.

Hii haimo kwenye mkataba wowote, ndiyo maana watu hawaioni. Kila nikiweka mezani wananijibu hilo ni suala lako na TRA.

#7 Mwanaushirika

Nimesoma ushirika hapahapa Moshi, kwa hiyo mtanisamehe nikirudi kwenye kahawa.

Wakulima wadogo wa mlima huu walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kwa sababu mtu mmoja mwenye miche 200 ya kahawa hawezi kukaa meza moja na mnunuzi anayesafirisha kwa meli. Miaka mia baadaye tumerudi kukaa mmoja mmoja mbele ya wakala mwenye tableti. Mama, wewe una akina mama 31. Kuna watengenezaji mtindi wengine Machame, Marangu, Tengeru. Mkiwa wanane mkakataa siku 90, hana cha kujaza kwenye friji.

Na nchi nayo inaweza kukaa mezani. Walmart wa Marekani walipotaka kununua asilimia 51 ya Massmart, kampuni ya maduka ya Afrika Kusini, mwaka 2011, vyama vya wafanyakazi na serikali vilikwenda kwenye vyombo vya ushindani. Hawakumzuia asiingie. Walimwekea masharti mlangoni: asipunguze wafanyakazi kwa miaka miwili, awarudishe 503 walioachishwa kabla ya mauziano, na aweke mfuko wa kuwainua wasambazaji wa ndani. Mfuko ulianza na randi milioni 100, Mahakama ya Rufaa ya Ushindani ikaupandisha zaidi ya hapo. Ugomvi mkubwa ulikuwa huohuo wa mama: kampuni ikiingia na mtandao wake wa dunia nzima wa kununua vitu, mzalishaji wa ndani anabaki na nani?

Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 ilijengwa kumtazama mwenye nguvu kwenye soko zima. Duka lenye tawi moja Moshi halina nguvu kwenye soko la Tanzania, lakini juu ya MamaMtindi linayo yote. Kenya waliliona hilo, wakaandika kwenye sheria yao habari ya nguvu ya mnunuzi, na kuchelewesha malipo bila sababu kumo. Nadhani hapo ndipo tuwasukume wabunge wetu.

Kitu kimoja cha kujaribu nyumbani. Ukiingia supamaketi yoyote, geuza pakiti uangalie tarakimu tatu za kwanza chini ya ile mistari myeusi ya barcode. 620 imesajiliwa Tanzania, 616 Kenya, 600 na 601 Afrika Kusini. Haikwambii moja kwa moja bidhaa imetengenezwa wapi, inaonyesha namba ilisajiliwa wapi. Lakini zunguka rafu ya maziwa, ya jamu, ya biskuti, utapata picha ya ahadi ya "tutanunua kwa wenyeji" imetimizwa kwa kiasi gani.

#8 Mpima Maziwa

Nimefanya kazi ya kupokea maziwa kwenye kituo miaka tisa, na nitasema kitu kisichopendeza. Maadili yana pande mbili. Asubuhi ngapi nimetia laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, kwenye keni ikazama kwa sababu ya maji? Kuna wanaotia maji, kuna wanaoleta maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa jana. Anayekunywa ni mtoto wa mtu. Duka kubwa likija na vipimo vikali tusilie kwamba tunaonewa. Hapo wanatufundisha kitu.

Kuhusu rushwa, MamaMtindi umeipita haraka. Walmart walilipa dola milioni 282 kwa serikali ya Marekani mwaka 2019 kumaliza kesi iliyoanzia Mexico, ambako waliruhusu watu wa kati wawalipe maofisa ili vibali vya ujenzi vitoke upesi. Duka moja lililotajwa sana liko karibu na piramidi za kale za Teotihuacán. IKEA, wale wauza samani wa Sweden, walipoingia Urusi waligoma kutoa hongo ili waunganishiwe umeme, wakakodi majenereta, watu wakawasifu sana. Baadaye ikagundulika mfanyakazi wao mwenyewe alikuwa anakula na mwenye majenereta, na mwaka 2010 wakawafukuza wakubwa wawili kwa kufumbia macho hongo ya mkandarasi. Rushwa ikiingia kwenye kibali cha maji taka, mfereji unapita kwenye shamba la mtu. Usiione ndogo.

#9 MamaMtindi

Mpima Maziwa, ahsante, nimekubali kwamba niliipita haraka. Na maji kwenye maziwa ni kweli. Nilimsimamisha mama mmoja mwezi mzima kwa ajili hiyo, na alikuwa shangazi yangu. Vipimo vikali sivipingi. Ninachoomba ni kipimo kimoja zaidi: cha joto la friji lao, kiandikwe asubuhi na usiku, nami nioneshwe. Wakinirudishia mtindi ulioharibika kwa kosa langu, nabeba. Umeharibikia kwao, wabebe.

KeshiaWaZamani, umenifumbua macho. Nilikuwa nalalamika kuhusu binti wa kupanga rafu kwa sababu ya mshahara wake tu. Sikujiuliza angesimama saa ngapi, na akiumia mle ndani ni mfanyakazi wa nani. Hilo sasa nimeliweka juu kwenye orodha yangu.

Mzee wa Mbuyuni, nimeisoma ile ya rafu kujazwa wakati duka linazama mara tatu. Naamini ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mwezi wa mwisho waliongeza oda.

Mwanaushirika, nimeshawapigia watengenezaji watano. Mmoja wa Machame amesaini tayari, zile siku 90. Simlaumu, ana mkopo. Wanne wamekubali tukutane Jumapili baada ya ibada.

#10 Chalii wa Sakina

Mama, nimerudi. Nilizunguka supamaketi moja hapa mjini jana nikageuza pakiti kama alivyosema Mwanaushirika. Rafu ya maji na unga zimejaa 620. Rafu ya jamu, achari, viungo na maziwa ya muda mrefu nimehesabu vitu 40, za 620 zilikuwa saba. Na sisi ndio tunaolima nyanya na pilipili za kutupa.

Bado naamini mkataba ni hiari. Lakini nitauliza hoteli zangu kama wanaweza kuandika siku 30. Nikikaa kimya mimi, atakayenifuata atapewa 90 na kuambiwa ndivyo soko lilivyo.

#11 MamaMtindi

Wakuu, mrejesho.

Jumapili nilikutana na wale watengenezaji watano, wa Machame naye alikuja. Tukaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: malipo siku 14 tangu kupokea mzigo, mzigo urudi kwa kosa letu tu na kumbukumbu ya joto la friji iwepo, hakuna ada ya rafu kwa bidhaa inayouzwa ndani ya wiki mbili, anayepanga vikombe awe mwajiriwa wa duka, na mkataba uwe na nakala ya Kiswahili yenye nguvu ileile.

Wakala alikuja Alhamisi. Akasoma akanyamaza sana. Akaniambia, "Mama, mimi ni mtu wa Rombo, mama yangu naye anauza maziwa." Akaomba apeleke juu. Nilimwonea huruma, maana naye ni kijana anayetafuta mkate na wanaoamua hawajawahi kuona Kibosho.

Leo mchana amepiga. Siku 90 wameshusha mpaka 30 kwa mtindi peke yake. Joto la friji wamekubali. Mpanga rafu wamekubali awe wao. Ada ya rafu na asilimia 8 wamekataa kabisa, na nakala ya Kiswahili wanasema wanasheria wao wataiangalia.

Sijasaini. Siku 30 bado ni mara mbili ya ninavyowalipa akina mama, kwa hiyo lazima niwe na milioni moja na zaidi ya kuziba hapo katikati, na SACCOS wameniambia niwapelekee mkataba wauone kwanza. Akina mama wenyewe wameomba wasomewe. Kesho ni tarehe 30, napanda na hela ya maziwa na karatasi zote mbili, yao na yetu. Tutakaa kwa yule mjane, ana uwanja mpana.